Vikombe Vitatu vya Baraka

Patan nzima, mji wetu huku Nepal, inajua kwamba mimi, Astaman fundi shaba, nilikuwa mlevi. Sikuwahi kuficha. Nimelala mlangoni pa hekalu mchana kweupe, mbwa akinilamba sikio, nami nikimwita kwa jina la mke wangu. Nimeimba kwenye msiba wa mtu nisiyemjua. Mara moja niliisalimia nguzo ya umeme kwa heshima zote nikidhani ni mwalimu wangu wa darasa la tatu, na nguzo iliponyamaza nikaiomba radhi kwa kutofanya hesabu. Hayo yote niliyafanya uso wazi. Lakini siku niliyotoka kwenda kutafuta kikao cha watu wanaoacha pombe, nilivaa barakoa, kofia ya sufu na miwani ya jua, nisije nikaonekana nikajivunjia heshima.

Heshima ipi, usiniulize.

Mambo yalianzia kwa Surekha, mke wangu. Alikuwa amerudi kwao Kirtipur pamoja na binti yetu Luniva, na hakusema lini angerudi. Luniva alikuwa amefikia umri wa Ihi. Hiyo ni siku ambayo sisi Wanewari tunawaoza wasichana wetu kwa tunda la beli, kabla mwanamume yeyote hajafikiriwa. Baba, akiwa amefunga kula tangu jioni ya jana yake, humpakata binti yake mkekani na kumtoa kwa mkono wake mwenyewe. Bwana harusi ni tunda gumu, halilewi, halitukani, halichelewi kurudi nyumbani. Surekha husema mume wake wa kwanza alikuwa tunda, ila wa pili ndiye aliyeoza. Akilisema hilo mbele ya wageni, mimi hucheka kuliko wote, na wageni huondoka wakisifu moyo wangu mzuri.

Jumatano alinipigia simu.

"Baba Luniva, Ihi ni Jumanne ijayo. Nisikilize, na usinijibu. Kuanzia leo ukinywa hata tone, Harkaman ndiye atakayempakata mtoto."

Harkaman ni mdogo wangu, muuza miwani. Huyo kwenye karamu hunywa kikombe kimoja, halafu hukifunika kwa kiganja na kusema, "Imetosha." Nimeishi naye nyumba moja tangu azaliwe, na mpaka leo sijaelewa huwa ana maana gani.

"Tone la nini?" nikauliza.

"Nimesema usinijibu. Na la pili. Kuna vikao vya watu waliokuwa kama wewe. Vitafute, ukakae nao."

"Viko wapi?"

"Pombe hukuwahi kuniuliza iko wapi," akasema, na simu ikakatika.

Niliogopa, nasema kweli. Sikuogopa kuachwa, maana nilishaachwa. Niliogopa kusimama pembeni siku ile nikimtazama mwanangu kwenye magoti ya mtu mwingine, kila mtu akijua kwa nini, na Luniva akijua kuliko wote. Basi sikunywa. Alhamisi mikono ilinitetemeka nikapiga nyundo kwenye kidole badala ya shaba. Ijumaa nikakipiga kidole kilekile. Mafundi wenzangu wakaanza kuniuliza kama naumwa, kwa sababu walizoea kuniona mzima nikiwa nimelewa.

Lakini kikao chenyewe kiko wapi? Ningemuuliza mtu, angejua. Ningeacha kuuliza, nisingejua mimi. Nililala nikiliwaza hilo, nikaamka na jibu ambalo najivunia hadi leo: nani atakayejua walikokwenda walioacha pombe, kama si mwenye kilabu waliyemkimbia?

Basi Jumamosi asubuhi nikaenda kwa Hera Devi. Nilisimama mlangoni, mguu mmoja nje, nikivuta pumzi kwa mdomo nisije nikasikia harufu.

"Astaman! Mbona umeganda hapo kama mtu wa polisi? Na hiyo miwani, macho yanauma?"

"Umenijuaje?"

"Kwa miguu. Hiyo miguu yako huja hapa hata wewe usipokuja."

Nikakohoa. "Kuna rafiki yangu mmoja, dada, ana shida. Anataka kuacha kunywa."

"Maskini. Na rafiki yako huyo naye amevimba kidole?"

Nikarudisha mkono mfukoni. Hera Devi akaendelea kufuta bakuli zake, akiwa amenuna.

"Wameninyang'anya wateja wazuri wale," akasema. "Wazuri! Yule mwanajeshi mstaafu, koo lake peke yake lilikuwa linaniendeshea duka. Siku hizi kila Jumamosi saa nane mchana wanapita hapo nyuma wameinama, wanadhani siwaoni. Wanapanda ghorofani, juu ya kinu cha mafuta ya haradali, kule bwawani. Haya, nenda."

"Nitamwambia rafiki yangu."

"Mwambie. Na akifika huko asiniseme vibaya."

Nilirudi nyumbani kubadili shati. Hapo ndipo nilipokutana na mama yangu.

Mama yangu, Nhuchhemaya, ni mpishi wa aila, gongo yetu ya mchele. Anaipika kwenye chungu cha shaba nilichomfulia mwenyewe, na mtaa mzima husema hakuna mkono kama wake. Nilimwambia ninakokwenda, kwa sababu mtoto haendi kwenye jambo zito bila kumuaga mama yake. Akalia kwa furaha, akajifuta kwa ncha ya sari.

"Ngoja hapo hapo," akasema. "Usitoke. Huwezi kwenda kwenye jambo kubwa namna hiyo hivi hivi."

Akarudi na sinia. Juu yake yai la kuchemsha, samaki mkavu, vipande vya tangawizi, na kikombe cha aila kimejaa hadi mdomoni. Sagan. Kwetu mtu haendi safari, mtihani, harusi wala mahakama bila kupewa sagan na mama yake mlangoni.

"Mama," nikasema, "nakwenda kuacha pombe."

"Ndiyo maana nakubariki, mwanangu. Jambo gumu hilo. Baba yako lilimshinda."

"Lakini hii ni aila."

"Hii ni sagan," akasema, akinishangaa.

Mtu akiikataa sagan ya mama yake amekataa mkono uliomlea, na safari yake imeingia nuksi. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Hivyo pia ndivyo koo langu lilivyoniambia, na koo langu ni wakili hodari, halijawahi kushindwa kesi. Nikashika yai na samaki mkono mmoja, kikombe mkono wa pili, nikanywa. Basi desturi ni kwamba kikombe kikipungua hujazwa tena, na tena mara ya tatu, ndipo baraka ikamilike. Na mama si mtu wa kubariki nusunusu.

Cha kwanza nilikinywa kwa ajili ya mama. Cha pili kwa ajili ya desturi. Cha tatu, jamani, acheni tu.

Nikashuka mtaani nimechangamka, najiona mtu mwema mwenye nia njema. Nilimsalimia kila niliyekutana naye. Barakoa nilikuwa nimeiweka kidevuni ili waone ninavyotabasamu. Nilikuwa karibu na bwawa, natafuta kinu kwa macho, ndipo akili iliponirudia nikasimama katikati ya njia. Loo! Astaman! Unakwenda kuacha pombe, na umekunywa!

Nadhani katika dunia yote ni sisi tu tunaoweza kumwombea mtu baraka kwa kitu kilekile anachokwenda kukikimbia. Nilitaka kucheka, nikaona machozi yako karibu zaidi. Surekha alisema tone. Hakusema tone la kilabuni, wala tone la dhambi. Tone.

Ningerudi nyumbani, lakini nilijua kwamba nikirudi njia yangu ingepita kwa Hera Devi. Miguu yangu naifahamu. Basi nikasonga mbele hadi kwenye kinu. Mashine ilikuwa inaunguruma, na harufu ya haradali ilikuwa kali ya kukutoa machozi, nami nikaona huo ndio wokovu wangu. Nikasimama mlangoni nijazwe harufu. Halafu, kwa kutaka usalama zaidi, nikachovya kidole kwenye ukingo wa ndoo nikajipaka mafuta kwenye masharubu. Ndipo nikapanda ngazi, nikinuka achari ya bibi.

Juu kulikuwa na chumba cha dari fupi, watu wamekaa kwenye mikeka kwa duara, chupa ya chai katikati. Aliyeongoza alikuwa mama mmoja mwembamba, sauti nzito, anaitwa Chinimaya. Baadaye nilikuja kujua kwamba zamani alikuwa na kilabu chake mwenyewe, akakifunga kwa sababu alikuwa anaimaliza pombe kabla wateja hawajafika.

"Karibu, kaka," akasema. "Kaa. Jina moja linatosha."

"Astaman."

"Tunakujua," akasema mzee mmoja mwenye mgongo ulionyooka kama fimbo. Alikuwa yule mwanajeshi mstaafu. "Wewe ndiye uliyeimba kwenye msiba wa shemeji yangu."

"Pole kwa msiba," nikasema.

"Si neno. Uliimba vizuri."

Chinimaya akanimiminia chai. "Kaka Astaman, umekunywa lini mara ya mwisho?"

"Siku nyingi kidogo."

"Nyingi za lini?"

"Ni kama... kabla hivi..."

"Kabla ya nini?"

"Kabla ya kupanda ngazi."

Kicheko kilichopasuka mle ndani kilizidi mashine ya chini. Nikakasirika. Nikavua kofia, nikavua miwani, nikawaeleza yote: Surekha, tone, Luniva, sinia, vikombe vitatu. Nilidhani wangenyamaza kwa huruma. Ebo! Walizidi kucheka hadi mmoja akamwaga chai.

"Mimi mama yangu alinijazia kwenye chupa ya maji," akasema mwanajeshi akijifuta macho, "nije nayo hapa, eti nisije nikasikia kiu."

"Na haya mafuta ya masharubu?" Chinimaya akauliza.

"Ni... ya ngozi."

"Kaka, humu ndani kila mmoja ameshajipaka hayo mafuta. Ukitaka kudanganya pua, nenda kwa watu wasiowahi kunywa."

Kicheko kilipokwisha nikaona nafasi yangu. Nilitaka watu hawa, wenye ujuzi wao, wanipe hukumu. Nikawapangia hoja vizuri. Baraka si unywaji. Mtu hakutafuta, aliletewa. Alikunywa kwa heshima ya mzazi, na amesimama, hakuketi. Je, hilo nalo ni tone?

Wakanitazama tu kwa upole ulioniudhi kuliko kicheko.

"Mkeo alisema tone?" Chinimaya akauliza.

"Alisema tone."

"Haya."

"Haya nini, dada? Nimwambie au nisimwambie? Anayejua ni mama na mimi tu. Na mama kwake hiyo si pombe. Nikinyamaza, Jumanne ninampakata mwanangu. Nikisema, namkabidhi kwa Harkaman kwa mdomo wangu mwenyewe. Mtu mwenye akili afanye nini?"

"Watu wenye akili hawaji huku," akasema. "Wewe ulikuja kutafuta kikao, umekipata. Hilo la mkeo ni lako."

Mwanajeshi alikuwa akikizungusha kikombe chake cha chai viganjani. Akasema bila kuniangalia, "Mimi nilimficha mke wangu kikombe kimoja. Kimoja tu, cha harusi. Halafu nikawa nakunywa ili nisahau kwamba nimemficha. Alipokuja kuujua ukweli, cha harusi hakikuwemo tena hata kwenye hesabu."

Zamu ikaenda kwa mwingine, nami nikakaa na chai yangu hadi mwisho, nimeshikwa na hasira isiyo na mwenyewe. Nilikuwa nimekuja nipate dawa, nikapewa ugonjwa wa pili.

Asubuhi ya Jumapili nikavaa shati safi niende Kirtipur. Nilikuwa bado sijaamua. Hilo ndilo nililojiambia, ingawa mtu ambaye hajaamua haamki alfajiri kunyoa ndevu. Mama akanisikia. Nilipofika mlangoni, sinia ilikuwa tayari inanisubiri.

"Unakwenda kwa mkeo," akasema, amejaa furaha. "Shika, mwanangu."

Nikachukua yai. Nikachukua samaki. Kikombe nikakiacha kwenye sinia.

"Mama, hicho hapana."

"Unaumwa?"

"Ndiyo, mama. Naumwa. Na kinachoniumiza ndicho hicho."

Alibaki ameshika sinia kwa mikono miwili, haiweki chini wala hanipi. Nilijisikia vibaya kuliko siku zote nilizoletwa nyumbani nimebebwa. Siku zile mama hunivua viatu tu na kulalamika. Leo nimesimama kwa miguu yangu, na ndiyo leo nimemuumiza.

"Basi jana nilikubariki vibaya?" akauliza.

"Hukunibariki vibaya. Mimi ndiye sina kifua cha kuibeba."

Akatazama kile kikombe. "Baba yako nilimbariki kila aliposema anaacha," akasema polepole. "Kila mara, Astaman. Kwa mkono huu."

Nilimshika bega, yeye akaweka sinia juu ya dirisha, akaingia jikoni. Nikadhani amekwenda kulia. Akarudi na yai la pili.

"Kula hili," akasema. "Lazima kitu kijae."

Nikaenda Kirtipur na mayai mawili tumboni. Njia nzima nilikuwa natunga namna ya kusema. Kulikuwa na namna ambayo mama alikuwa mwenye makosa, na namna ambayo desturi ilikuwa yenye makosa, na namna moja nzuri sana ambayo sikunywa kabisa. Hiyo ya mwisho niliirudia mara nyingi nikipanda kilima, na kila nilivyoirudia ilizidi kupendeza.

Surekha alikuwa uani pamoja na mama yake na shangazi zake, wanapepeta mchele wa karamu. Luniva alikuwa ndani, anajaribishwa nguo. Nilisikia sauti yake ikilalamika kwamba kiuno kinabana. Nikasimama pale. Hakuna aliyenikaribisha.

"Tunaweza kuzungumza pembeni?" nikasema.

"Zungumza hapa hapa," akasema Surekha. "Hawa wote wamekusikia ukiimba."

Basi. Mficha uchi hazai.

"Jana nilikwenda kikaoni," nikasema.

"Vizuri."

"Kabla ya kwenda nilikunywa."

Nyungo zikasimama. Shangazi mmoja akasema, "Hee!" kwa chini.

"Tone?" Surekha akauliza.

"Vikombe vitatu. Mama alinipa sagan. Lakini mama si kosa lake. Mdomo ni wangu, nami niliufungua. Na cha tatu, Mama Luniva, sitakudanganya, cha tatu nilikifurahia."

Alinitazama usoni bila kupepesa. Nikawa nasubiri aniambie niende, na nilikuwa nimeshajiandaa kuitikia bila kubishana. Badala yake akaweka ungo chini.

"Mama yako alinipigia jana mchana," akasema. "Analia kwa furaha. Ananiambia, 'Mkwe wangu, amekwenda! Amekwenda kikaoni! Na nimembariki vizuri, vikombe vyote vitatu, hakubakisha hata kidogo.'"

Masikio yaliniwaka moto. Ile namna nzuri niliyopanda nayo kilima, nikaona nilivyokuwa karibu kuisema.

"Ulikuwa unajua?"

"Tangu jana. Na Harkaman nilishamwambia ajiandae."

"Mbona hukusema kitu nilipofika?"

"Nilitaka nisikie utasema nini." "Baba Luniva, tangu unioe hujawahi kuniambia umekunywa. Hata mara moja. Siku zote nimejua kwa pua. Leo ndiyo mara ya kwanza nimejua kwa masikio."

Akatoa simu kwenye mkunjo wa sari, akapiga pale pale, mbele ya wote.

"Shemeji Harkaman? Ndiyo, ni mimi. Jumanne usifunge, kula tu chakula chako. Hapana, hujakosea kitu. Baba yake atampakata mwenyewe." Akaninyooshea kidole huku simu ingali sikioni. "Kuanzia kesho jioni usitie kitu mdomoni, unasikia? Hata maji ya kusukutua, niulize kwanza mimi."

Niliketi kwenye ngazi ya mawe nikalia mbele ya wakwe zangu wote, kwa sauti, makamasi yakichanganyika na masharubu, na hapakuwa na hata mmoja wao aliyeweza kusema ni pombe.